Injini yako ya kwanza ya mvuke: dalili, chanzo na tiba

Injini ndogo ya mvuke ikigoma, wengi hukimbilia moto: ongeza spiriti, kaza springi, subiri presha ipande. Hiyo ni njia ya hatari, na haikuonyeshi kosa liko wapi. Karibu kila kosa la injini hupatikana ikiwa baridi, kwa vidole, kwa pumzi ya mdomo na kwa upepo wa tairi. Boila huingia kazini mwisho, injini ikiwa tayari imekubali kuzunguka kwa upepo.

Mwongozo huu ni wa injini yenye silinda inayoyumba, ambayo ndiyo inayomfaa anayeanza. Haina valvu ya pembeni wala fimbo za kuiendesha. Silinda yenyewe inayumba juu ya pini, na tundu lake linapishana na matundu mawili ya kibao kilichosimama nyuma yake (springi ndiyo huibana silinda kwenye kibao hicho): moja la kuingizia mvuke, jingine la kutolea. Vipimo vya hapa ni vya injini hii: silinda ya brasi yenye kipenyo cha ndani mm 12, pistoni inasafiri mm 16, yaani pini ya krenki (sahani inayogeuza shafti) iko mm 8 kutoka katikati ya shafti, kutoka pini ya kuyumbia hadi katikati ya shafti mm 48, kutoka pini ya kuyumbia hadi tundu la silinda mm 18, matundu yote mm 2.5. Flaiwili, gurudumu zito la kwenye shafti, ni ya chuma, kipenyo mm 60, unene mm 10, uzito kama gramu 220. Boila ni bomba la kopa la inchi 1 na suti 5, urefu mm 130, la kufanya kazi kwa bar 2 na si zaidi.

Vifaa vyote vinapatikana Mtwara na Lindi bila kuagiza mbali. Bomba nene la kopa hubaki vipande vipande kwa mafundi wa majokofu makubwa, brasi hutoka kwenye koki za zamani kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na kama huna mashine ya kukereza, karakana za SIDO (shirika la viwanda vidogo) na mafundi wa mtaani watakukerezea silinda na pistoni ukiwapelekea mchoro wenye vipimo. Kifaa cha kujaribia ni tairi ya pikipiki iliyojazwa psi 30, pamoja na mpira wa pampu wenye kichwa cha kubana valvu. Funga kikoki kidogo katikati ya mpira ili upepo utoke kidogo kidogo.

Injini ni nzito hata ukiizungusha kwa mkono

Usitie oili kwanza, kwa sababu oili huficha kosa. Chomoa pistoni kwenye pini ya krenki na uizungushe flaiwili peke yake. Ikisimama papo hapo, bushi mbili za shafti hazitazamani. Hutokea pale kila bushi ilipotobolewa kivyake. Tiba ni kuzitoboa upya zikiwa zimeshafungwa mahali pake, biti moja ikipita zote mbili kwa mkupuo mmoja. Usisage kwa dawa ya kusagia valvu za gari: punje zake ngumu hujichimbia ndani ya brasi na hazitoki tena, kisha zinaendelea kula shafti kila siku. Dawa ya kung'arishia shaba inatosha, na ioshe kwa petroli ukimaliza.

Flaiwili ikiwa nyepesi peke yake lakini injini ikakaza mara moja au mbili kila mzunguko baada ya kurudisha pistoni, shuku pini ya krenki. Zungusha taratibu huku jicho lako likiwa karibu na mahali fimbo ya pistoni inapokamata pini. Je, kichwa cha fimbo kinatembea kwenye pini, mara kikisogea kuelekea kwenye sahani ya krenki, mara kikirudi nje? Kama ndivyo, pini imeegama. Mtu akitoboa sahani kwa drili ya mkononi, hata kwa mkono mzuri, tundu hulala kidogo, na pini ya M3 (yenye kipenyo mm 3) hulifuata tundu. Toboa upya upande wa pili wa sahani kwa drili ya mezani. Kuipinda pini kwa nyundo hadi "ionekane" sawa ni kazi bure.

Ikikaza mwisho wa safari tu, pima fimbo. Kutoka uso wa juu wa pistoni hadi katikati ya tundu la pini ya krenki iwe mm 56.5. Kwa urefu huo pistoni ikifika juu kabisa inasimama robo milimita chini ya ukingo wa tundu la silinda. Ikizidi kwa milimita moja tu, pistoni inaanza kuliziba tundu wakati ule ule mvuke unapotaka kuingia, na injini itakosa nguvu ingawa haigongi popote. Ikizidi zaidi ya hapo ndipo utasikia mgongano na kifuniko.

Ni nyepesi kwa mkono, lakini upepo hauisukumi

Hapa sababu ni nne, na zichunguzwe kwa mpangilio huu.

Anza na pistoni. Ifute iwe kavu, simamisha silinda wima, iachie pistoni. Inatakiwa iteremke yenyewe polepole kwa uzito wake. Sasa liziba tundu kwa kidole: isimame. Ukilifungua, iendelee. Pistoni inayodondoka hata tundu likiwa limezibwa ina nafasi kubwa mno. Kwa kipenyo hiki nafasi nzuri ni kama mm 0.02. Hakuna haja ya kuitupa. Ikate mfereji wa upana mm 2 na kina mm 1.5 katikati ya urefu wake, sokota thredi tepu ya mabomba iwe kama uzi, izungushe mferejini hadi ijae, kisha iingize kwa kuizungusha. Thredi tepu halisi haiathiriwi na mvuke wa bar 2, ambao una kama nyuzi joto 134.

Pili, uso wa silinda na uso wa kibao. Hizi ndizo nyuso zinazotenganisha mvuke unaoingia na unaotoka, na hakuna kitu kingine cha kuzisaidia: hakuna gasketi, hakuna mpira. Washa kibatari, pitisha uso wa kibao juu ya moshi hadi upate masizi membamba, rudisha silinda, iyumbishe mara tano, ifungue. Mahali masizi yalipofutika ndipo panapogusana. Ukiona duara lililofutika kuzunguka kila tundu, uko salama. Ukiona alama kwenye kona moja tu, au pembeni huku karibu na matundu masizi yakiwa mazima, uso umepinda. Chomoa pini ya kuyumbia (ndiyo maana ifungwe kwa nyuzi za skrubu, isichomelewe), laza msasa wa maji namba 600 juu ya kioo kinene, tia maji na tone la sabuni, sugua uso kwa kuchora umbo la nane, kisha namba 1000. Usisugue mbele na nyuma tu: mkono hulemea mwisho wa kila safari na kingo zinaliwa. Rudia masizi hadi duara zitimie. Kazi hii inachosha lakini ndiyo yenye faida kuliko zote katika injini hii.

Tatu, mahali pa matundu ya kibao. Hesabu ni rahisi: umbali wa tundu kutoka pini (18), zidisha kwa umbali wa pini ya krenki (8), gawanya kwa 48. Jibu ni 3. Kwa hiyo kila tundu la kibao likae mm 3 kutoka mstari wa katikati, moja kushoto, jingine kulia, na vituo vyao viwe mm 6. Kwa matundu ya mm 2.5 inabaki nusu milimita ya chuma kizima kila upande pale silinda inaposimama wima, na hapo mvuke hauingii wala hautoki. Matundu yakikaribiana mno, kwa mfano mm 4, tundu la silinda linayafungua yote mawili kwa pamoja. Dalili yake ni upepo unaofoka kwenye bomba la kutolea hata pistoni ikiwa juu kabisa, na flaiwili ikisimama tu. Yakiachana mno, mm 8 kwa mfano, tundu hufunguka nusu na injini inajikongoja. Tiba: tia nyuzi kwenye tundu baya, lizibe kwa skrubu ya brasi na lehemu ya fedha, sugua uso uwe sawa, toboa upya. Ili usikosee mara ya pili, tengeneza kipande cha bati nene chenye matundu mawili yaliyoachana mm 18, kiingize kwenye pini ya kuyumbia, kielekeze jinsi silinda inavyolala krenki ikiwa upande mmoja kabisa, na tobolea humo.

Nne ni jambo dogo linalopoteza siku nzima: lehemu au vinyweleo vya chuma vilivyobaki ndani ya tundu. Pitisha waya wa spoki, puliza kwa mdomo, sikiliza.

Inazunguka upande mmoja vizuri, upande wa pili inasita

Ukibadilisha mpira wa upepo kutoka tundu moja kwenda jingine, injini hii inageuza mwelekeo. Ikiwa upande mmoja ina nguvu na upande wa pili inachechemea, matundu hayako sawa kutoka katikati: kwa mfano, moja liko mm 2.6, jingine mm 3.4. Kama unataka iende upande mmoja tu, achana nalo, tumia upande ulio mzuri.

Kushindwa kuanza yenyewe si kosa. Silinda ni moja na inasukumwa upande mmoja tu, hivyo lazima uisukume flaiwili kwa kidole. Wazee wa Mtwara na Nachingwea walioishi na garimoshi kabla reli ya Mtwara hadi Nachingwea haijafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 hawakuona dereva akishuka kusukuma gurudumu, kwa sababu garimoshi la kawaida lina silinda mbili zinazosukumwa pande zote, na krenki zake zimepishana kwa nyuzi 90: moja ikiwa imekwama juu, nyingine iko katikati ya safari yenye nguvu.

Lakini ikizunguka kwa kurukaruka na kutoa mlio wa kugonga, kaza kwanza skrubu ya flaiwili. Ikiwa inateleza kwenye shafti, piga tupa kidogo kwenye shafti upate sehemu bapa ya skrubu kukalia.

Mvuke unavuja kati ya silinda na kibao

Mtu akiona uvujaji huu hukamata nati ya springi na kukaza. Uvujaji unapungua, injini inakuwa nzito, anaongeza presha, unavuja tena. Tazama hesabu: kwa bar 2, mvuke ndani ya tundu la mm 2.5 unasukuma kwa nguvu ndogo tu, kama uzito wa gramu 100. Springi haihitaji ubabe. Kinachotokea ni kwamba msukumo huo uko mm 18 kutoka kwenye pini, hivyo unaitenga silinda kwa juu, na kama pini ya kuyumbia imelegea au haikusimama wima kwenye uso, silinda inafunguka. Shughulikia pini na uso, ndipo urudi kwenye springi: ikaze hadi uvujaji uishe kwa presha ya kazi, ongeza nusu mzunguko, tia nati ya pili ya kuizuia isilegee. Uiache iweze kunyanyuka kidogo. Maji yakinaswa juu ya pistoni hayabonyei, na njia yake ya kutoka ni silinda kujitenga na kibao kwa kitambo kidogo. Ukiibana kabisa, maji hayo yatapinda fimbo.

Kwa upepo inakwenda, kwa mvuke inakufa

Silinda baridi hugeuza mvuke kuwa maji mara tu unapoingia. Ndiyo maana bomba la kutolea linatema matone mwanzoni. Fungua koki nusu, zungusha flaiwili kwa mkono mizunguko kumi hadi ishirini, pande zote mbili, hadi matone yageuke kuwa moshi mweupe mkavu. Bomba la kutoka boila liwe la kopa la mm 4, fupi, chini ya mm 150, na lisokotwe kamba nyembamba ya katani mbali na ndimi za moto. Bomba tupu la nusu mita linapoteza joto jingi kabla mvuke haujafika.

Kama imepasha joto na bado inakaza, uliza pistoni ni ya nini. Aluminiamu hutanuka kuliko brasi, na pistoni hupata moto kabla ya silinda, hivyo nafasi ya mm 0.02 inamezwa. Ikereze ya brasi, au ipunguze aluminiamu kwa mm 0.02 nyingine na utie mfereji wa tepu.

Jambo la tatu ni oili. Oili ya cherehani inafaa kwenye bushi za shafti tu; ndani ya silinda mvuke unaiosha kwa dakika chache. Tumia oili nzito ya giaboksi, namba 90 au 140, iliyoandikwa GL-4. Ile ya GL-5 ina dawa zinazoweza kuidhuru brasi ikipata joto. Mafuta ya kula huganda yakawa kama gundi. Na oili isiingie kwenye boila: maji yenye mafuta au sabuni hufanya povu na injini inameza maji badala ya mvuke. Dalili kama hiyo hutokea pia ukijaza boila kupita theluthi mbili, au bomba la mvuke likitoka ubavuni badala ya mgongoni.

Boila

Sehemu hii haina nafasi ya kubahatisha. Maunganisho yote ya boila yachomwe kwa lehemu ya fedha. Lehemu ya risasi na bati, ile ya kuchomea redio, inayeyuka kwa nyuzi 183. Maji yakiisha kwa dakika moja huku moto ukiwaka, inalainika na kifuniko kinaruka. Makopo ya rangi, ya dawa ya mbu, au mitungi ya gesi ya friji yasitumike kabisa, hata "kwa kujaribu tu".

Fimbo ambazo mafundi friji huchomea kopa, zenye fosforasi na fedha kidogo, ni nzuri kwa kopa kwa kopa, tena bila flaksi (dawa ya kusafishia kiungo). Kwa brasi zinahitaji flaksi, na kwa chuma hazifai: kiungo kinakuwa kama kioo. Lehemu ikijikusanya matone badala ya kutambaa, kuna uchafu au joto halijafika. Usiifukuzie kwa kuiyeyusha fimbo ndani ya ndimi. Pasha kopa yenyewe hadi iive nyekundu ya kufifia, gusa fimbo kwenye kiungo, iache ivutwe ndani. Nafasi ya kiungo iwe kama mm 0.1. Ukimaliza, ilaze usiku kucha kwenye siki au maji ya ndimu, utaona wazi pale ilipokosekana.

Kabla ya mvuke wowote, ijaze boila maji baridi hadi juu kabisa, hewa yote itoke, toa valvu ya usalama na uzibe tundu lake, kisha isukume hadi bar 4 kwa pampu ya mkono ambayo mafundi bomba hupimia mabomba. Ikae dakika kumi bila sindano kushuka. Maji hayabonyei, kwa hiyo kiungo kikiachia utapata tone tu. Upepo kwa presha hiyo hiyo ungerusha vipande. Kiungo kikivuja, pasha boila nzima na uchome tena kwa lehemu ya fedha. Kupaka risasi juu ni kujidanganya.

Valvu ya usalama yenye tundu la mm 4 inafunguka kwa bar 2 pale springi inapokandamiza kwa uzito wa gramu 250, hivyo unaweza kuipima kwenye mizani ya jikoni. Thibitisha kwa geji. Ikifukuta muda wote, sugua kalio lake (pale valvu inapokalia). Isipofunguka, zima moto, na usiikaribie hadi ipoe.

Presha isipopanda, mara nyingi ni upepo. Miezi ya kusi, hata barazani Shangani au Mikindani, ndimi za spiriti hulala pembeni na kuipasha hewa. Zungushia kinga ya bati la debe, uache matundu ya chini ya kuingizia hewa. Kumbuka ndimi za spiriti hazionekani juani; usiongeze spiriti kwenye taa mpaka uhakikishe imezima na imepoa. Taa ibebe mililita 20 tu kwa mililita 100 za maji, ili moto uishe kabla ya maji. Mara ya kwanza pima maji yaliyobaki: yakipungua chini ya mililita 40, punguza spiriti.

Ikiwa presha ilikuwa ikipanda vizuri na sasa inachelewa, chungulia ndani. Maji ya visima vingi vya pwani yana chokaa. Birika lenye ukoko mweupe limekwishakuambia. Ukoko huo unazuia joto. Chemsha humo siki moja kwa maji matatu, boila ikiwa wazi, suuza mara tatu. Halafu tumia maji ya mvua. Wenyeji wa Newala na Tandahimba wanayo ya matangi tayari. Wa pwani wayaachie manyunyu ya kwanza yaoshe vumbi na chumvi kwenye mabati ndipo wakinge. Ukinunua maji ya betri, soma chupa mara mbili, maana dukani asidi hukaa rafu moja na maji safi.

Ilikuwa nzima, imekaa mwezi, haigeuki

Hewa ya bahari ina chumvi, na silinda iliyoachwa na unyevu haihitaji muda mrefu. Usilazimishe kwa koleo. Tia matone ya mafuta ya taa kwenye tundu, subiri saa chache, yumbisha kwa vidole. Kwenye valvu ya usalama, gololi ya chuma ya baiskeli hushika kutu na kunata kwenye kalio lake, nayo ni hatari kuliko pistoni iliyokwama, kwa hiyo weka gololi ya chuma kisichoshika kutu au koni ya brasi. Kila ukimaliza kuendesha, subiri presha iishe, mwaga maji boila ikiwa bado ya moto ili joto lililobaki likaushe ndani, puliza silinda, tia matone mawili ya oili nzito kwenye tundu, zungusha mara kumi, na uifungie kwenye ndoo yenye kifuniko.